Asilimia 14 ya huyu, 18 ya yule: mkopo upi ununue tuktuk?

Assalaam aleikum Shangazi,

Natumai u mzima wa afya. Nakuandikia nikiwa na fomu ya mkopo kwenye mkoba, imejazwa yote imebaki sahihi yangu tu, na moyo unakataa.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Mikindani na ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Mshahara wangu ni shilingi 46,000. Ikishatoka kodi ya mapato, NSSF ya uzeeni, SHA ya matibabu, ile tozo ya nyumba ya serikali na 2,000 ninazoweka Sacco ya kazini, mkononi napata kama 34,500. Mume wangu anaendesha tuktuk ya mtu pale Magongo. Kila siku anampelekea mwenyewe hesabu ya 900, siku sita kwa wiki, abiria wawepo wasiwepo. Tumechoka kumjengea mtu mwingine.

Sasa kuna mzee stejini anauza tuktuk yake 280,000. Ukiongeza bima na gharama za kubadilisha jina inafika 300,000. Kampuni moja ya mikopo ilimleta dada wao ofisini kwetu, akatueleza: 300,000 kwa miezi 36, riba asilimia 14 kwa mwaka, makato 11,833 kila mwezi moja kwa moja kutoka kwenye mshahara. Kuna ada yao ya 9,000 na bima ya mkopo 4,500, zinakatwa mwanzo, kwa hivyo nitapokea 286,500. Pesa zinaingia baada ya siku mbili.

Nilipita pia benki inayopitishia mshahara wangu, wakaniambia asilimia 18. Niliposikia 18 niliondoka, hata makato sikuuliza. Mwenzangu kazini anasema 14 ndiyo bei ya haki, kwamba sheria haiwaruhusu kupita hapo.

Sacco yetu wanakopesha mara tatu ya akiba kwa asilimia 1 kwa mwezi, lakini nina akiba ya 62,000 tu, na mara tatu yake ni 186,000, haitoshi. Mume wangu ana 40,000 alizotoa kwenye chama. Mama mkwe naye anasema riba ni riba, tusiiguse kabisa. Mume wangu anasema tuwahi kabla tuktuk haijachukuliwa, na yule dada wa mikopo anasema ofa inaisha Ijumaa.

Shangazi, hiyo asilimia 14 inafaa au haifai?

Mama Watoto, Mikindani

*

Waaleikum salaam mwanangu,

Usitie sahihi Ijumaa. Mpango wenu wa tuktuk naupenda, na nitaeleza kwa nini, lakini hiyo 14 uliyotajiwa ndiyo riba iliyo ghali kuliko zote tatu ulizoniandikia. Ni ghali hata kuliko ile 18 iliyokukimbiza benki.

Chukua kalamu. Asilimia 14 ya 300,000 ni 42,000. Miaka mitatu ni 126,000. Jumlisha na 300,000 unapata 426,000, gawanya kwa miezi 36, na hiyo ndiyo 11,833 uliyoandikiwa. Umeona walivyofanya? Riba imepigwa juu ya 300,000 nzima kwa miaka yote mitatu, ilhali wewe kila mwezi unarudisha sehemu ya deni. Watu wa mikopo huiita riba ya flati. Mwezi wa kwanza unadaiwa 300,000 na unalipa riba ya 3,500, sawa. Lakini mwezi wa 36, ambapo deni lenyewe lililobaki ni 8,333 tu, bado unalipa riba ya 3,500. Ni kama kurudisha vyumba vitatu kwa mwenye nyumba, ukabaki na kimoja, halafu ukaendelea kulipa kodi ya nyumba nzima.

Benki zetu kwa kawaida huhesabu kwa salio linalopungua: riba ya mwezi huu ni juu ya deni lililobaki mwezi huu, basi. Kwa asilimia 18 ya aina hiyo, mkopo ule ule wa 300,000 kwa miezi 36 utakatwa kama 10,846 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba ni 4,500, na wa mwisho haifiki hata 200. Jumla ya riba ni kama 90,400. Linganisha na 126,000. Ukiigeuza ile 14 ya flati iwe ya salio linalopungua, ili mizani iwe moja, inapita asilimia 24 kwa mwaka. Tena hapo sijagusa ile 13,500 wanayoitoa kabla hujaiona. Unapokea 286,500 lakini unalipa kama mtu aliyepokea 300,000. Ukiiingiza hiyo, mkopo wako uko karibu na asilimia 28.

Sisemi dada yule amekudanganya. Huenda ndivyo alivyofundishwa, na fomu yake huenda imeandikwa hivyo hivyo. Ila mtu akikutajia asilimia bila kukuambia ni ya flati au ya salio linalopungua, bado hajakuambia bei.

Mwenzako wa kazini naye ana kumbukumbu ya kitu kilichokuwepo kweli. Septemba 2016 sheria iliweka kikomo: benki isitoze zaidi ya pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, na kwa karibu nusu ya kipindi hicho kilele kilikuwa hapo kwenye 14. Kikomo hicho kiliondolewa Novemba 2019. Tangu hapo kila mkopeshaji ana bei yake, na benki humpangia kila mteja kulingana na anavyoonekana: kazi yake, mshahara unapita wapi, rekodi yake ya madeni. Maana yake ni kwamba hata ile 18 haijafungwa. Wewe una mshahara unaopita kwao kila mwezi. Una haki ya kupata ripoti yako ya CRB, wale wanaoweka rekodi za madeni ya watu, bure mara moja kwa mwaka. Ichukue, na ikiwa safi nenda nayo uwaulize kama hawawezi kushuka. Waombe pia ratiba ya marejesho ya mwezi kwa mwezi, na jumla ya gharama yote ikiwa na ada na bima, kwa sababu benki nazo zina ada zao. Usiwalinganishie riba tupu na mtu mwingine aliyekwisha kukutajia ada zake.

Lakini kabla ya benki, nataka urudi Sacco, maana hapo ndipo umepapita haraka.

Asilimia 1 kwa mwezi ya Sacco, ikiwa ni ya salio linalopungua kama ilivyo kawaida yao, ni 12 kwa mwaka. Mkopo wa 300,000 kwa miezi 36 unakuwa makato ya kama 9,964 kwa mwezi, na riba yote ni kama 58,700. Hiyo haifiki hata nusu ya ile 126,000. Umesema akiba yako haitoshi. Je, zile 40,000 za mume wako zikiingizwa kwenye akiba yako? 62,000 na 40,000 ni 102,000, na mara tatu yake ni 306,000. Mkopo mzima umepatikana, akiba inabaki yako, na mwisho wa mwaka Sacco ikitoa faida juu ya akiba unapata pia sehemu yako.

Hapo kuna masharti na usiingie bila kuyauliza. Kuongeza akiba namna hiyo ili ukope zaidi wenyewe huita kubusti akiba, na kila Sacco ina sheria yake: kuna wanaotaka pesa mpya zikae miezi kadhaa kabla ya kuzihesabu kwenye mkopo, na kuna wanaozihesabu papo hapo lakini wakakata kamisheni. Uliza yenu iko upande gani na kamisheni ni kiasi gani. Uliza ada ya mkopo na bima yake. Jua pia kwamba akiba hiyo huwezi kuichomoa ukipata shida. Kwa kawaida unaipata ukijitoa uanachama. Halafu wadhamini: utahitaji wenzako wakuwekee akiba zao dhamana. Na kama wewe umeshamdhamini mtu hapo kazini, sehemu ya akiba yako huenda imeshafungwa kwa deni lake, na ile mara tatu isiwe mara tatu. Ofisi ya Sacco watakuambia hilo kwa dakika moja. Angalia vilevile kama Sacco yenu imo kwenye orodha ya SASRA, wasimamizi wa Sacco kubwa na zinazopokea amana, kabla ya kupeleka 40,000 zaidi.

Sasa nije kwenye swali kubwa zaidi, ambalo hukuniuliza: hiyo tuktuk itaweza kujilipia?

Najua hesabu mnayoipiga nyumbani. 900 kwa siku 26 ni 23,400 kwa mwezi, mkopo ni 11,833, basi zaidi ya 11,000 inabaki. Hiyo ni hesabu ya mwezi mzuri, na ya chombo cha mtu mwingine. Leo injini ikigonga, mwenye tuktuk ndiye anayetafuta fundi. Bima anakata yeye. Siku mtakayoinunua, yote hayo yanahamia kwenu, na chombo cha mkono wa pili kina mambo yake. Kuna masika, barabara za Mikindani zikijaa maji na tuktuk ikilala nyumbani. Kuna mchana wa Ramadhani, abiria hamna mpaka jua lizame. Kwa hivyo piga hesabu ya mwezi mbaya: siku 20 za kazi, 900 kila siku, ni 18,000. Toa 6,000 za fundi, mipira, kuweka akiba ya bima na leseni. Imebaki 12,000.

Weka sasa makato juu yake. Kwa mkopo wa yule dada, 11,833, mnabaki na shilingi 167. Kwa benki, 10,846, mnabaki na zaidi kidogo ya 1,100. Kwa Sacco mnabaki na kama 2,000. Hapo ndipo utajua riba inafaa au haifai, mwanangu. Mkopo unaomaliza chote ambacho chombo kinaingiza katika mwezi mbaya ni mkopo ambao miezi miwili mibaya ikifuatana utaingia kwenye unga wa watoto, kwa sababu unakatwa kwenye mshahara wako kabla hujaugusa. Hawatamsubiri mume wako arudi stejini.

Badilisha hizo namba zangu kwa zenu. Mume wako ndiye anayejua tuktuk ya pale inakula kiasi gani kwa fundi. Mwambie akuandikie kwa uaminifu, pamoja na siku ambazo kazi haikufikisha hiyo 900. Mkikuta mwezi mbaya wenu unabakisha chini ya makato, basi hata mkopo wa Sacco ni mkubwa mno kwenu, na bora mkusanye kwanza mkope kidogo.

Huenda dada wa mikopo akakuhakikishia kwamba mshahara wako unabeba. Kisheria ni kweli. Sheria ya Ajira ya 2007 inazuia makato yote ya mfanyakazi kupita theluthi mbili za mshahara, na wewe ukitoa 11,833 unabaki na kama 22,700, mbali na mpaka huo. Lakini sheria hiyo haijui kodi yako ya nyumba wala karo. Ukiona 22,700 haifiki tarehe 25, theluthi haitakusaidia.

Kuna maswali mawili ambayo ningependa umuulize huyo dada hata kama hutachukua, ili majibu yake ukayalinganishe na ya benki na Sacco. Nikilipa deni lote mwaka wa pili, riba ya mwaka wa tatu inaondoka au nailipa? Kwenye mikopo ya flati mara nyingi huioni faida ya kuwahi kulipa, na kuna wanaokutoza faini juu yake. Na nikichelewa, au nikiacha kazi, faini inahesabiwa vipi na juu ya kiasi gani? Majibu ya mdomo yasikutoshe. Yawe kwenye karatasi, na karatasi uende nayo nyumbani. Anayekataa usome mkataba nyumbani, achana naye.

Kuhusu mama mkwe. Mimi si mwanachuoni na sitasema juu ya halali na haramu. Hilo muulizeni sheikh wenu, na mwende wote wawili. Ila msimjibu mzee kwa kumdharau, kwa sababu njia anayoitaka ipo hapa hapa mjini. Gulf African Bank inafanya kazi kwa misingi ya Kiislamu tangu 2008, na baadhi ya benki za kawaida zina madirisha ya aina hiyo. Katika murabaha, mojawapo ya njia zao, benki haikupi pesa. Inanunua kitu chenyewe kisha inakuuzia kwa bei ya juu zaidi mliyokubaliana, unalipa kwa awamu, na bei ikishafungwa haipandi. Kama moyo wako uko huko, nenda kaulize wanafadhili tuktuk ya mkono wa pili au mpya tu. Na uliza bei ya mwisho kwa shilingi. Iweke kando ya ile 426,000 na ile ya Sacco, ambayo ni kama 358,700, uone iko wapi. Benki kuwa ya Kiislamu hakukuzuii kuuliza bei.

Jambo jingine, na hili nakuambia kama shangazi yako. Mkopo utakuwa kwa jina lako, makato kwenye mshahara wako, kwa miaka mitatu. Logbuku, ile hati ya umiliki wa chombo, je? Katika barua yako yote hukuitaja. Sina shaka na mume wako. Mtu anayepeleka hesabu kila siku bila kukosa ni mtu wa kazi. Lakini chombo kinachonunuliwa kwa mshahara wako kiwe na jina lako, peke yako au pamoja naye, na mzungumzie hilo kabla ya pesa kuingia. Baada ya pesa kuingia mazungumzo hayo huwa magumu. Na kabla ya kumlipa huyo mzee, tafuteni rekodi ya tuktuk hiyo NTSA, wanaosajili magari, kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen mjue mwenyewe ni nani hasa na kama haijawekwa dhamana kwa deni la mtu. Peleka na fundi wenu aisikilize injini ikiwa baridi, asubuhi, kabla haijawashwa na mwenyewe.

Sasa Ijumaa. Mume wako anaogopa tuktuk itaondoka, na ana haki ya kuogopa, kwa sababu chombo kizuri stejini hakikai. Basi tuseme Sacco wakuambie akiba mpya isubiri miezi mitatu. Katika mwezi mzuri, siku 26 kamili, tuktuk yenu ingewaachia kama 7,400 baada ya fundi na mkopo wa Sacco. Miezi mitatu ni kama 22,000 mtakazokuwa hamkuzipata kwa kusubiri. Kwa kutosubiri, mkachukua ile ya flati, mtalipa zaidi ya 67,000 ya ziada kwa riba peke yake. Mwambie mume wako hesabu hiyo akiwa ameshakula na ametulia, na umwonyeshe karatasi. Kama mzee atakubali kuwasubiri kwa arabuni ndogo yenye maandishi na shahidi wa steji, mpeni, mkishaiona rekodi yake NTSA. Kama hawezi, mwacheni auze. Magongo, Kongowea, Likoni, kote huko tuktuk zinauzwa kila mwezi, na mume wako anawajua madereva kuliko dalali yeyote.

Jumatatu omba ruhusa ya saa moja kazini, anzia ofisi ya Sacco, kisha benki. Ukishapata karatasi zao mbili niandikie namba, tuzipige pamoja.

Shangazi yako